Mapigo Matano kwa Sekunde

Msikilizaji wa Singida mjini, wa Manyoni na Itigi, wa Ikungi, Iramba na Mkalama, na wewe unayetusikia ukiwa njiani, leo naomba tukae na kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikivua mkononi siku simu ilipoingia mfukoni. Ni saa ya mkono. Simaanishi ile ya betri. Namaanisha saa ya kamani, ile inayotiwa ufunguo kila asubuhi, au inayojijaza yenyewe kadiri mkono unavyocheza. Naipenda saa ya namna hiyo kwa moyo wote, na nina sababu zangu.

Nianzie mbali kidogo, Tokyo, maana huko ndiko mtoto wa mkoa huu alikonifundisha jambo kuhusu muda. Tarehe 15 Septemba 2025, kwetu bado usiku, Alphonce Simbu aliingia uwanjani kumalizia mbio za marathoni za mashindano ya dunia. Mbele yake alikuwa Mjerumani, Amanal Petros. Kilomita 42 zilikuwa zimekwisha, zimebaki hatua tu. Simbu akamjia, akamjia, hadi wakawa bega kwa bega. Petros akajitupa kwenye mstari akaanguka. Ubao ukaandika muda mmoja kwa wote wawili: saa 2, dakika 9, sekunde 48. Ilibidi kamera ya mstarini iulizwe, nayo ikasema Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha ikaja kwa mzaliwa wa Singida. Waliopima muda walikuwa Seiko, kampuni ya hapohapo Tokyo, iliyoanzishwa na Kintaro Hattori mwaka 1881.

Usiku ule mkononi nilikuwa na saa yangu, Omega ya zamani ya kutia ufunguo. Saa hiyo hupiga mara 5 kwa sekunde. Maana yake, kati ya pigo na pigo kuna sehemu 20 za zile 100. Ushindi wa Simbu ungeweza kuingia katika nafasi hiyo mara sita na bado pakabaki upenyo. Kwa saa yangu, wale wawili wangekuwa wamefika pamoja. Nilishangilia hadi majirani wakaamka, na nilipotulia nikaitazama saa ile na kujiuliza swali ambalo huenda nawe unaniuliza sasa: kama haiwezi kutenganisha mshindi na mshindwa, kama simu ya elfu thelathini inaishinda kwa usahihi, mtu anaitakia nini? Na kwa nini kuna watu duniani wanaotoa zaidi ya dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20, kununua Rolex moja ya chuma ya kuzamia majini?

Swali hilo liliwahi kukaribia kuua ufundi wote wa saa. Desemba 25, 1969, Seiko hao hao walitoa saa iitwayo Astron, ya kwanza ya mkono yenye kijiwe cha kwatzi kiendeshwacho kwa betri. Kwatzi ya saa nyingi za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kamani itapata wapi kasi hiyo? Uswisi, nchi iliyoishi kwa saa, ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Miaka 15 baadaye walibaki kama theluthi moja. Viwanda vya vizazi vingi vilifungwa, mashine zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa hesabu ya akili, saa ya kamani ilitakiwa iwe imezikwa zamani. Haikuzikwa. Watu waliendelea kuitaka, na waliobaki kiwandani waligundua kwamba wanayemuuzia sasa ni mtu anayependa mtambo wenyewe. Kuijua dakika anaweza popote.

Sasa njoo nikuoneshe mtambo huo. Hapa mjini kuna fundi saa, mzee, anakaa barazani na kimeza chake chenye sanduku la kioo. Simtaji jina kwa sababu hapendi kutajwa. Ana kibano, bisibisi nyembamba kuliko njiti, lenzi anayoibana jichoni kwa kukunja uso, na kikombe cha petroli ya kuoshea vyuma. Siku niliyompelekea Omega yangu mara ya kwanza aliitazama mgongo, akaipapasa, akauliza, "Mwanangu, hii umeipata wapi?" Nikamwambia Itigi. Akatikisa kichwa, akafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa. Omega wa miaka ile walikuwa wakiipaka mitambo yao rangi hiyo, na miaka sitini haijaifubaza. Fundi aliniazima lenzi. Nikaona gurudumu dogo likicheza, linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na katikati yake springi nyembamba kama unywele inajikunja na kujikunjua kama kifua cha mtoto aliyelala. Vitobo ambamo ekseli za magurudumu huzungukia vimewekwa vijiwe vyekundu. Hivyo ni yakuti. Vipo 17. Si yakuti za kuchimbwa kama zile za Longido, ni za kutengenezwa kwa moto. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kuzipika mwaka 1902. Zinawekwa pale kwa sababu ni ngumu na uso wake ni laini, chuma kikizunguka juu yake hakiliki upesi. Mtu akikwambia saa yake ni ya "mawe 17", hajisifii vito. Anakwambia viungo vya saa yake vimelindwa.

Kamani yenyewe huioni. Imefungiwa ndani ya kidumu chake, utepe wa chuma uliokunjwa. Unapozungusha kitufe cha pembeni asubuhi unaukaza utepe huo, nao siku nzima unatamani kukunjuka. Ukiachiwa utakunjuka mara moja, krrr, na magurudumu yatazunguka kama wazimu. Kazi ya lile gurudumu linalocheza ni kuuzuia na kuuruhusu, kuuzuia na kuuruhusu, jino moja kwa wakati. Mlio tunaousikia, ti-ti-ti, ni mlio wa kuzuiwa. Mara 18,000 kwa saa moja. Mara 432,000 kwa siku. Nguvu yote hiyo imetoka kwenye vidole vyangu viwili, kwa mizungusho thelathini hivi, kabla sijanywa chai. Hakuna betri humo wala umeme. Nisipoizungusha kesho, itasimama.

Hapo ndipo penzi langu lilipo, msikilizaji. Simu inaujua muda iwe nipo, iwe sipo. Saa ya kamani inanihitaji. Inachukua nguvu ya mwili wangu na kunirudishia kama muda, na hapo katikati kuna kazi ya mikono ya watu ambayo naweza kuifungua, kuiona na kuielewa. Redio unayosikilizia ikiharibika kipande chake cha ndani, utakitupa. Mtambo ule wa rangi ya shaba unaoshwa, unatiwa tone la mafuta, unarudi kazini.

Niwaambie ilivyonifikia. Reli ya Kati, ile iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Tabora mwaka 1912, na kabla ya hapo ilipita Manyoni na Itigi. Nadhani kwa mkoa wetu reli ndiyo iliyoleta dakika. Mkulima alikuwa na asubuhi, mchana na jioni, na vilimtosha; treni ikataka dakika. Ndiyo maana nilipoanza kutafuta saa nilikwenda kuwauliza wastaafu wa reli. Mzee mmoja wa Itigi aliitoa Omega yake kwenye kopo la majani ya chai, imeviringishwa kitambaa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha hakuniuliza nina fedha kiasi gani. Aliuliza, "Unataka kwenda kuiuza, au utaivaa?" Nikamjibu nitaivaa. Akasema, "Basi uivae kweli. Hii haijazoea kukaa ndani." Tulikubaliana milioni moja na laki mbili, nikamlipa kwa mafungu matatu, fungu la mwisho likiwa fedha za vitunguu. Namheshimu kwa swali lile kuliko kwa bei aliyonifanyia.

Kabla ya hapo niliwahi kuumia, na lazima nisimulie ili yasikupate. Katika mji mmoja mkubwa nilinunua "Rolex" kwa laki nne na nusu. Muuzaji aliapa ni mali ya mgeni aliyekwama nauli. Iling'aa, ilikuwa nzito, akrabu ya sekunde iliteleza vizuri bila kurukaruka, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba kuteleza ndiyo dalili ya ukweli. Mvua za kwanza tu ukungu ukaingia kwenye kioo. Fundi alipoifungua, mtambo ulikuwa mdogo kuliko nyumba yake, umezungushiwa pete ya plastiki usichezecheze. Hakusema neno. Aliiweka mezani akaniacha nitazame. Siku hizi feki nyingi zina mtambo wa kujijaza wenyewe, kwa hiyo sekunde inayoteleza si ushahidi tena. Muulize muuzaji kama atakubali ifunguliwe mgongo mbele ya fundi wako. Akikataa, rudisha fedha mfukoni, hata kama roho inauma.

Na ukiwa na laki mbili au tatu, usione aibu: tafuta Seiko 5. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Ile tano ni ahadi tano walizoweka: inajijaza yenyewe, siku na tarehe ziko katika kidirisha kimoja, inavumilia maji, kitufe kimekaa penye namba 4 pasipochoma kiganja, na gamba lake na mkanda wake ni wa kudumu. Mafundi wetu wanaijua kama wanavyoijua baiskeli ya Phoenix. Mimi naiita saa ya kifahari, na sitanii. Ufahari ninaoujali ni wa kitu kilichotengenezwa vizuri, kinachorekebishika hapa hapa, chenye fundi anayekijua. Saa ya milioni hamsini ambayo ikisimama lazima ipande ndege kwenda Geneva, kwa mtu wa Singida naiona kama ng'ombe wa maziwa aliyefungwa kwa jirani wa mbali.

Nimetaja ng'ombe, basi nimalize hilo. Wako vijana wanaoambiwa kwamba saa za bei kubwa ni akiba, kwamba zinapanda bei kila mwaka. Baadhi hupanda, nyingi hushuka siku unapotoka dukani. Kwetu mtu akitaka akiba ananunua mtamba, naye atazaa. Saa haizai. Nunua saa kwa fedha uliyo tayari isirudi, usinunue kwa fedha ya ada wala ya mbegu za alizeti.

Kuhusu saa za dhahabu nina neno moja tu, nalo linatugusa. Gamba la saa ya dhahabu ya karati 18 lina dhahabu robo tatu. Dhahabu hiyo hutoka ardhini mahali fulani, na sisi tuko mahali hapo. Mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ulianza kuchimbwa mwaka 1909, na mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewabana, Wajerumani walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania. Ikungi nako wanachimba hivi sasa. Uswisi ni moja ya sehemu kubwa duniani za kusafisha dhahabu. Nikiona saa ya dhahabu kwenye kioo cha duka huwa najiuliza kama humo hamna chembe ya Iramba. Mimi hata hivyo nachagua chuma. Dhahabu huchubuka upesi, na mkono wangu hushika jembe.

Ndugu zetu wa Oman, wengi wao wazee wao walitoka Unguja na hadi leo Kiswahili kiko majumbani mwao, wana kisa chao cha saa. Sultani Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alikuwa akiwatunuku watu waliomtumikia saa za Rolex zenye alama ya jambia la Kiomani usoni, zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London. Jambia lile dogo limezifanya saa hizo zitafutwe kuliko nyingine za aina hiyohiyo. Chuma kilekile, mtambo uleule, tofauti ni kwamba mtu fulani alimpa mtu fulani mkononi. Omega yangu haina jambia, ina mkwaruzo mmoja mrefu kwenye gamba. Mzee wa Itigi alinionesha komeo la behewa lilivyoukata. Fundi alitaka kuusugua utoke, nikamzuia.

Sasa, kuivaa. Mtu wa Kiswahili akivaa saa hii anafanya hesabu ambayo waliotengeneza uso wake hawakuifikiria. Akrabu fupi inaonesha 1, sisi tunasema saa saba. Inaonesha 8, tunasema saa mbili. Namba yetu siku zote iko ng'ambo, pale akrabu ilikogeuzia kisogo. Na akrabu kwa Kiarabu ni nge. Ingekuwa na mkia kama nge, mkia ndio ungesoma Kiswahili! Kuna saa zenye pete ya nje inayozunguka, imeandikwa 1 hadi 12. Izungushe nusu duara, ile 12 ikae chini ilipo 6. Tangu hapo uso wa ndani utakusomea saa ya kimataifa, na pete itakusomea saa ya kwetu, mchana na usiku, bila kukosea. Nilipogundua hilo nilikaa na saa ya rafiki yangu mkononi, nikasahau kumrudishia.

Hata hivyo jua la Singida lina hesabu yake. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na huo uko mbali, unapita Somalia. Sisi tuko karibu na nyuzi 35. Kwa hiyo jua linapokuwa utosini hapa mjini, kwa wastani wa mwaka, saa iliyo sahihi inasema saa sita na dakika 41. Dar es Salaam ni saa sita na 23. Redio ikisema ni adhuhuri kwa wote, jua lako liko nyuma ya la Dar kwa dakika 18. Saa inayopoteza sekunde kumi kwa siku, na yangu hupoteza hizo, sioni sababu ya kuidharau.

Ukiwa nayo, itunze kwa hali ya hapa. Upepo wetu unajulikana, na vumbi lake likichanganyika na mafuta ya saa linakuwa kama msasa. Ipeleke kwa fundi kila baada ya miaka mitano, hata kama inakwenda. Usioge nayo katika ziwa Singidani wala Kindai, maji yale yana chumvi, na maandishi ya "mita 30" usoni yanamaanisha matone ya mvua tu. Na hili naomba ulisikie vizuri wewe uliyeweka saa yako juu ya redio: iondoe. Spika ina sumaku. Sumaku ikiipata ile springi ya unywele, mizunguko yake hushikana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa huanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Wengi huipeleka kwa fundi wakidhani imekufa, naye huitoa sumaku kwa kifaa cha ukubwa wa kiberiti.

Fundi huyo hana mwanafunzi. Hilo linanikosesha usingizi. Macho yake yanachoka, na siku atakapokunja kimeza chake sijui saa iliyotoka kwenye kopo la mzee wa Itigi itakuwa na faida gani. Kijana mwenye mkono mtulivu anayenisikia, njoo, nitakupeleka barazani mwenyewe, na stuli nitanunua.

Zamani, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, wazee wetu walikuwa wakitega saa zao kwa pipu za taarifa ya habari. Saa nyingi za wakati ule sekunde hazisimami ukivuta kitufe, kwa hiyo kulikuwa na mbinu. Unaiacha saa iishe nguvu, isimame. Unaipeleka akrabu kwenye saa kamili. Pipu ya mwisho ikilia unazungusha kitufe, nayo inaamka hapo hapo. Yangu nimeinyima ufunguo tangu juzi, na sekunde nimeisubiri hadi ikalala juu. Akrabu fupi iko kwenye 8, ndefu iko kwenye 12. Kama nawe unayo, ishike, vidole viwili kwenye kitufe. Mtangazaji wa habari ameshakaa. Zimebaki sekunde kumi.